Kamusi ya mtumba ya elfu kumi na mbili, na mfalme niliyemkuta ndani

Nianze na bei, maana nilikaa dirishani benki miaka 27 na siwezi kujifanya bei ni jambo la mwisho. Kijana alitaka 18,000. Nikampa 8,000. Akacheka, akaifunga kamusi, akaipangusa vumbi kwa kiganja kama anambembeleza mtoto, akasema, "Mama, hii babu kubwa. Hii siyo ya wanafunzi." Tukakubaliana 12,000, akanitilia kwenye mfuko mbadala ambao mpini wake ulikatika kabla sijafika kituo cha daladala.

Hilo la "siyo ya wanafunzi" alilisema kibiashara tu, kama mwenzake anavyosema kiatu ni cha Italia. Lakini lilikuwa neno la kweli kuliko yote aliyosema siku ile, na nitalirudia.

Utampata nyuma ya soko la Mlango Mmoja, hapa Mwanza, kwenye turubai la bluu, katikati ya muuza sidiria za mtumba na fundi wa simu. Vitabu vyake viko mafungu matatu: vya shule, vya dini, na fungu ambalo yeye mwenyewe analiita mchanganyiko. Kamusi ilikuwa kwenye mchanganyiko, chini ya kitabu cha kutengeneza trekta na atlasi ambayo bado ina nchi ya Zaire. Nenda saa tatu asubuhi kabla jua halijageuka. Mchana turubai linakuwa kikaango na kijana anahamia kivulini ng'ambo, hapo inabidi umwite kwa kupiga makofi.

Kamusi yenyewe ni nene kama tofali la kuchoma. Jalada gumu, bluu iliyopauka, jina limefutika kabisa, na ukurasa wa kwanza umechanwa, kwa hiyo siwezi kukuambia ni ya nani wala ya mwaka gani. Nimejaribu kuikadiria umri kama tunavyokadiria ng'ombe kwa meno: faksi imo, intaneti haimo. Ni Kiingereza kwa Kiingereza. Karatasi ni nyembamba kama za Biblia, na herufi ni ndogo kama mbegu za mchicha. Mimi naisoma kwa miwani pamoja na ile lenzi ya marehemu mume wangu, aliyokuwa akitazamia stempu.

Kasoro kubwa niliigundua nyumbani. Kijana aliniapia kwamba kurasa zote zipo. Hazipo. Kamusi inaishia katikati ya maneno yanayoanza na wh. Baada ya hapo ni jalada. Maana yake X, Y na Z zote zimekwenda, na nusu ya W. Kamusi yangu inajua kusema no, lakini haijui kusema yes. Niliporudi kumwambia, alitazama mwisho wa kitabu kwa mshangao wa kweli au wa kuigiza, sijui, akasema, "Mama, lakini hizo herufi za mwisho zina maneno machache." Hapo nilikosa jibu, maana ni kweli.

Sasa kwa nini mstaafu wa Kirumba anunue kamusi ya Kiingereza isiyo na mwisho? Ni kwa sababu ya mjukuu. Yuko kidato cha pili. Mwalimu wao aliwaambia kila mmoja achague neno la Kiingereza lililoingia katika Kiswahili, aeleze maana zake zote na lilikotoka. Wenzake wakachagua skuli, baiskeli, televisheni. Wangu akachagua cheki, kwa kuwa ndilo analolisema tangu anaamka. Nicheki baadaye. Hebu cheki hii. Nimemcheki hayupo. Nadharia yake ya kwanza ilikuwa kwamba limetoka kwenye kucheka, na ya pili kwamba ni ufupisho wa kuchekecha, yaani kuchuja kitu ukabaki na kinachofaa. Nilimsifu kwa ya pili. Si kweli, lakini ina akili.

Alikuwa na programu ya kamusi kwenye simu. Akaandika check, ikamletea maneno matatu kwa mstari mmoja: angalia, hundi, zuia. Chini yake tangazo la kubeti mpira. Akaniuliza, "Bibi, neno moja linakuwaje kuangalia, na hundi, na kuzuia? Vinahusianaje?"

Nikanyamaza. Hilo ndilo lililoniuma. Miaka 27 nimepokea cheki, nimezigonga muhuri, nimezilinganisha na sahihi kwenye kadi ya mteja, nimeziandika R/D, yaani mrudie aliyeiandika, kwa wino mwekundu zilipodunda, nimewatazama watu wazima wakilia mbele ya dirisha langu kwa sababu ya cheki iliyodunda. Sikuwahi kujiuliza kwa nini inaitwa cheki.

Nikaazima kwanza kamusi ya shule kwa jirani. Hizi za wanafunzi ni nzuri kwa kazi yake: zinakupa maana, sentensi za mfano na namna ya kutamka. Lakini asili ya neno nyingi haziandiki, maana mwanafunzi anayejifunza lugha anahitaji kujua litumikeje, siyo lilizaliwa wapi. Kamusi za wenyewe, zile zilizoandikwa kwa ajili ya watu ambao Kiingereza ni cha kwao, ndizo zenye tabia ya kuweka mabano madogo mwishoni mwa maelezo ya neno. Humo ndimo ukoo wake ulimo. Basi ukiwa kwenye turubai usihangaike na jalada wala mwaka. Fungua neno lolote unalolifahamu, shuka mpaka mwisho wa maelezo yake, utazame kama kuna mabano yenye vifupisho vya ajabu ajabu. Yakiwepo, anza kupunguza bei. Yasipokuwepo, rudisha.

Kwenye kamusi yangu check imejaza karibu safu nzima. Mmiliki wa zamani, Mungu ambariki, alikuwa ameandika kwa penseli pembeni: zuia, kagua, hundi, na mbele ya moja akaweka alama ya kuuliza tu. Kisha mwishoni yale mabano. Nilikaa nayo barazani jioni, taa imewaka, na wale wadudu wa ziwani walikuwa wametoka kwa wingi. Wanaokaa mbali na maji hawajui adha hii: wanakuja kama moshi, wanajaa kwenye taa, wanakufa juu ya chochote kilichofunuliwa. Mmoja alitua kwenye kurasa nikamponda kwa kidole bila kujua, nikasoma mstari mara mbili nikidhani pana nukta. Hapakuwa na nukta. Sentensi ilikuwa inaendelea, na ilikuwa inakwenda mbali.

Vifupisho vilisema hivi, nikivifungua kimoja kimoja kwa kutumia orodha iliyo mbele: Kiingereza cha kati, kutoka Kifaransa cha kale, kutoka Kilatini cha zama za kati, kutoka Kiarabu, kutoka Kiajemi. Na neno la Kiajemi lenyewe: shah. Mfalme.

Nilivua miwani.

Yaani cheki ni mfalme. Amesafiri kama abiria wa meli ya Bukoba anayepitia Kemondo, ila yeye bandari zake zilikuwa nyingi na kila bandari ilimnyang'anya kitu. Uajemi na Uarabuni alikuwa shah. Kilatini kikamwandika scaccus. Wafaransa wakambandika e mbele, akawa eschec. Waingereza wakaikata ile es ya mwanzo, akabaki chek, na huyo tayari yumo katika maandishi yao karne ya 14. Mizigo yote imepotea njiani, abiria ni yule yule.

Lakini mfalme anakuwaje kuangalia? Hapa kamusi inakuonyesha mlango na kukuacha uingie mwenyewe, maana yenyewe inasema tu "katika sataranji", mchezo ule Waingereza wanaouita chess. Kwa bahati mume wangu alikuwa akicheza sataranji, na mimi nilikuwa nikimtazama kuliko nilivyojifunza. Mchezo ulianzia India, jina lake katika Sanskriti ni chaturanga, chenye viungo vinne, yaani vikosi vinne vya jeshi: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Waajemi wakaupokea, kisha Waarabu, na kutoka kwao Ulaya ikaupata. Kiswahili kikapata sataranji huko huko kwa Waarabu na Waajemi.

Sasa, katika sataranji mfalme haliwi. Kwenye drafti zetu kingi analiwa kama vizibo vingine na mchezo unaendelea, ila kwenye sataranji mfalme anaonywa. Ukimkaribia kwa kumtishia, desturi ni kutamka. Waajemi walitamka jina lake: shah! Fikiria zamani Usukumani, mtu akaona nyoka karibu na mguu wa mtemi. Hatakaa aseme "ewe mtemi, upande wako wa kushoto kuna nyoka". Atapaza sauti: Mtemi! Basi. Jina likishasemwa namna ile limekwisha kuwa onyo.

Na onyo lile lina sheria. Ukishaambiwa, huruhusiwi kuendelea na mipango yako mingine yote. Ulikuwa unataka kula farasi wa mwenzio, ulikuwa unapeleka tembo pembeni, acha. Mwokoe mfalme kwanza. Umesimamishwa. Ndiyo sababu Waingereza wakaanza kulitumia neno hili nje ya ubao kwa maana ya kusimamisha na kuzuia. Kutoka kuzuia mpaka kukagua hakuhitaji profesa kwa mtu yeyote aliyesafiri na basi la usiku: ukishasimamishwa kwenye kizuizi, kinachofuata ni kukaguliwa. Maana hiyo ya kukagua ilikuja baadaye sana, karne ya 17 ikielekea mwisho. Kwa hiyo mjukuu wangu akisema "nicheki", amelichukua neno lenye miaka mingi likiwa kwenye maana yake changa.

Hundi nayo? Hapo nilikuwa nyumbani kwangu. Mnakijua kitabu cha hundi: unaandika, unachana pale penye vitundu, na kipande kidogo kinabaki kitabuni. Kipande hicho ndicho kilichoitwa check hapo awali, mwanzoni mwa karne ya 18. Siyo karatasi unayompa mtu, bali kile kinachobaki kwako. Kazi yake ilikuwa kuzuia ughushi, kwamba karatasi ikirudi unailinganisha na kipande chake. Pole pole jina likahama kutoka kwenye kipande likaenda kwenye karatasi yenyewe, na kipande kikabaki bila heshima. Nimevichana vile mara ngapi mimi? Nilikuwa na tabia ya kupitisha kidole gumba kwenye vile vitundu kabla sijachana, vinakwaruza kidogo kama ulimi wa paka. Ulinzi wote wa neno ulikuwa pale penye kidole changu.

Wamarekani wanaandika check kwa kila kitu. Waingereza kwa hundi wanaandika cheque, na hiyo que imetokana na jamaa mwingine wa ukoo huu, exchequer, ambaye kwangu ndiye mtamu kuliko wote.

Exchequer ni hazina ya Uingereza ya zamani, na waziri wao wa fedha mpaka leo ana neno hilo kwenye cheo chake. Maana yake halisi ni ubao wa sataranji. Richard FitzNeal, mweka hazina wa mfalme, alianza kuandika maelezo ya ofisi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1170. Anasema palikuwa na meza ya futi kama 10 kwa 5, yenye ukingo ulioinuka vidole vinne pande zote ili kitu kisidondoke, na juu yake kimetandikwa kitambaa cheusi chenye mistari. Hesabu ilifanywa kwa vitufe vya kuhesabia vinavyosogezwa kutoka safu hadi safu: hapa peni, hapa shilingi, hapa pauni. Upande huu ameketi mweka hazina, upande ule yule ofisa wa wilaya aliyekuja kuwasilisha makusanyo yake, na FitzNeal mwenyewe anafananisha mapambano yao na ya wafalme wawili kwenye ubao wa sataranji.

Niliposoma habari hiyo nilijiona mimi. Kaunta, ukingo, vitu vinasogezwa, na mtu wa upande wa pili anaomba Mungu hesabu zikae sawa. Kitambaa ndicho tulichokosa. Sisi tulipewa kioo chenye tundu, na mteja alilazimika kuinama ili asikike, kama anaungama.

Hapo nikaelewa na kitambaa kingine. Waingereza wanaita check nguo yenye miraba miraba, kwa sababu inafanana na ubao wa sataranji. Fundi anayeshona barazani kwa jirani yangu alikuwa siku ile ana kazi ya mashati, nikamuuliza kitambaa kile anakiitaje. Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Si drafti, mama." Drafti! Sisi hatukuchukua check yao, tumefanya walichofanya wao. Wao waliona kitambaa wakakumbuka ubao wao, nasi tumeona kitambaa tukakumbuka ubao wetu, ule wa vizibo vya soda, upande mmoja vimefunikwa, upande mwingine vimefunuliwa. Hakuna aliyemfundisha fundi. Drafti lenyewe ni la Kiingereza pia, linatokana na kuvuta, maana kete inavutwa. Lakini kuliweka kwenye shati ni kazi yetu.

Sijamaliza. Hatua ya mwisho kwenye sataranji, ile inayomaliza mchezo, Kiingereza kinaiita checkmate, na hiyo ni shah mat. Mat hiyo inabishaniwa. Wapo wanaosema ni Kiarabu, amekufa, na hapo ni ndugu wa maiti na mauti tunayoyatumia kila siku. Wengine wanasema ni Kiajemi, ameshindwa, hana la kufanya, na wanatetea hoja yao kwa jambo nililokwisha kusema: mfalme wa sataranji hauawi. Mimi niko upande wa hawa wa pili. Mume wangu akishindwa hakuwa anakufa, alikuwa anakaa kimya akitazama ubao kama dakika tano nzima, kisha anaomba chai. Na chess, jina la mchezo, ni wingi wa neno hilo hilo katika Kifaransa cha kale. Check ni mfalme, chess ni wafalme.

Lakini kilichonifanya niamke usiku kwenda kunywa maji ni kingine. Nilikuwa nimelala, likanijia neno shaha. Watu wa mashairi wanalijua: bingwa wa washairi, mkuu wa malenga, anaitwa shaha. Neno lile lile la Kiajemi. Kumbe mfalme huyu ameingia Kiswahili mara mbili. Mara ya kwanza alishuka pwani kwa jahazi, pamoja na bandari na serikali, ambayo nayo ni ya Kiajemi, kichwa na kazi. Akapokewa kwa heshima, akabaki na jina lake karibu lote, akapewa ukuu wa washairi. Mara ya pili alizunguka Ulaya nzima, akapita kwenye meza ya kodi ya Uingereza, akaja bara akiwa karatasi ya benki, akaitwa cheki. Na hakuna aliyewatambulisha. Shaha na cheki wanaishi katika lugha moja, pengine katika sentensi moja malenga akilipwa kwa hundi, na hawajuani.

Hundi yenyewe, kwa faida ya mjukuu, siyo ya ukoo huu. Hiyo ilikuja na wafanyabiashara wa Kihindi, waliokuwa wakitumiana hundi kuvuka bahari.

Cheki sasa ana vyeo vingi hapa mjini. Kuna chekapu, ile wanayotuambia wazee tuifanye kila mwaka, nasi tunapanda kilima cha hospitali ya Bugando kwa kuugulia. Na kuna cheki namba, namba ya mtumishi wa serikali kwenye malipo ya mishahara. Hii ina nguvu za kifalme hasa. Nimehudhuria kikao cha posa ambapo shangazi wa binti hakuuliza kabila wala dini ya kijana, aliuliza kwa sauti ya chini, "Ana cheki namba?" Akajibiwa anayo. Vinywaji vikaletwa.

Nirudi kwenye kamusi, maana haya ni mapitio. Ubora wake mkubwa kuliko simu ni majirani. Simu inakupa neno uliloliuliza na tangazo. Kamusi inakupa na mengine usiyoyauliza yaliyokaa karibu. Nikielekea check nilipita kwenye bank, nikasimama: inatokana na benchi la mbadili fedha wa Italia. Benki na benchi ni ndugu! Na mfilisika kwa Kiingereza, bankrupt, ni wa benchi lililovunjika. Laiti ningelijua hilo nilipokuwa kazini, tulikuwa na benchi moja la wateja lililovunjika mguu mwaka mzima, meneja akikataa kulitengeneza.

Ubaya wake: ni nzito mno kusomea kitandani, inakulalia kifuani. Inahitaji mwanga. Inanuka, na sasa inanuka zaidi kwa sababu niliiweka juani ipungue unyevu, upepo ukageuka kutoka Mwaloni siku wanapoanika dagaa. Mdudu amepekecha tundu kutoka D mpaka F, kila ukurasa umekosa herufi moja mahali pale pale. Vifupisho vya asili vitakutesa siku mbili tatu mpaka uvizoee, kwa hiyo viandike kwenye karatasi ya pembeni. Na kama unataka kujua Kiingereza cha kuombea kazi, hii haitakusaidia hata kidogo, kanunue ile ya wanafunzi.

Huduma ya kijana naipa wastani. Ni mcheshi na anapunguza bei. Ila anaapa kirahisi, na hajui alichonacho. Niliporudi kulalamikia zile kurasa hakunirudishia hata shilingi, lakini alinipa ile atlasi ya Zaire bure na akanitafutia bajaji.

Mjukuu alipata 7 kwa 10. Mwalimu alimwandikia pembeni, "Umetoa wapi haya?" kwa kuwa walitakiwa kutaja kitabu. Naye akamjibu kwa penseli chini yake: kamusi ya Bibi, haina jina.

Ukienda, mwulizie ile nyekundu. Iko fungu hilo hilo la mchanganyiko, au ilikuwepo Jumamosi. Niliifungua: mabano yapo, vifupisho vipo, na mwisho wake ni mzima mpaka Z. Imekosa K yote na sehemu ya L, ndiyo maana niliiacha, lakini kwa mtu asiye na haraka na herufi hizo ni bora kuliko yangu. Anataka 20,000. Usizidishe 13,000, na hesabu kurasa mbele yake kabla hujatoa pesa.